Alama Upande Wenye Picha

9 Februari

Mke mwenzangu Kimya,

Mimi bibi yako ni mzima. Goti la kushoto linauma, la kulia linalionea wivu, mengine yote yapo mahali pake. Anayeandika ni Mama Vifungo, fundi cherehani wa mlango wa pili. Unamjua, ndiye aliyekushonea sare ukakua kabla hujaivaa. Anaandika ninayosema na ameapa hataongeza chumvi. Akiongeza nitajua, maana hunisomea yote kabla ya kufunga bahasha, na mimi sikwenda shule lakini sisahau nilichosema.

Simu uliyoniletea ipo kabatini. Usininunie. Simu ikimaliza imemaliza, huna cha kushika. Barua naiweka chini ya mto.

Tangu mume wetu, babu yako, atuache ni miezi saba. Kiti chake kipo palepale dirishani, na kila nikipita nakigonga, ndiyo maana ya hilo goti. Sina wa kumlaumu nikimwaga chai. Kuku ni saba, jogoo ni mvivu kama babu yako alivyokuwa asubuhi. Taa ya uani imepungua nguvu. Mama Vifungo amebadilisha balbu mara mbili, bado giza. Siku hizi hata balbu wanatengeneza za uongo.

Sasa neno lenyewe. Mayai yanapotea bandani, wiki ya tatu hii. Nilimshuku muuza mkaa, nikamwambia usoni, naye akanijibu maneno ambayo Mama Vifungo amekataa kuyaandika. Hatusalimiani. Lakini juzi nimetia mkono kiotani nikasikia kitu kinasugua, kama mtu anakwangua ukoko sufuriani. Nikautoa mkono, kikanyamaza. Nikaurudisha, kikaanza tena.

Wewe ndiye mkuu wa kitengo cha nyoka huko kwenye bustani ya wanyama. Niambie ni nini. Mchi nimeusimamisha mlangoni.

Na utakuja lini?

Ni mimi bibi yako, asiyechoka.


2 Machi

Bibi yangu, shikamoo, wewe na magoti yako yote mawili.

Mimi sijambo. Chumba changu ni kizuri, kina dirisha. Wenzangu kazini ni watu wa utani, hatukosi la kucheka. Msalimie Mama Vifungo, mwambie sare ile nilikuja kuivaa nyumbani kama fulana.

Bibi, usitie mkono tena kiotani. Nakuomba kabla ya lolote.

Nikueleze. Ukoo mkubwa kuliko wote wa nyoka ndio huu ninaoushughulikia, na wengi wao hawana madhara. Huku tunaye ukukwi, mwembamba wa kijani, akikukimbia utadhani jani limepeperushwa. Tunao wa kahawia wanaoingia majumbani kutafuta panya. Wengine hawajui hata kuuma, wanaficha kichwa tu chini ya mwili kama mtoto anayeogopa sindano. Wapo wachache wenye sumu, hasa mmoja wa mitini mwenye macho makubwa, huyo nampitia mbali. Lakini wengi ni watu wa amani.

Katika hao yupo mmoja anayekula mayai tu. Hana meno ya maana. Anapanua mdomo, anameza yai zima, analivunja kooni kwa mifupa ya shingo, anakunywa kilichomo na kutema ganda. Kwa kuwa hana cha kujitetea, anajifanya kifutu. Anajikunja, anasugua magamba ubavu kwa ubavu, na hiyo ndiyo sauti unayoisikia. Anatisha bure.

Shida ni kwamba yupo kifutu mdogo wa kweli anayesugua vilevile. Huyo akikuuma hatuna muda.

Kwa hiyo simama mbali, mchana kweupe, unitazamie. Ni rangi gani? Madoa yamekaaje mgongoni? Kichwa ni chembamba au kimetanuka kama kijiko? Niandikie upesi. Na mchi, bibi, uache kwanza.

Mjukuu wako, Kimya.


20 Machi

Kimya wangu,

Hatujambo, mimi na kuku. Mama Vifungo ana mafua, ukiona doa kwenye karatasi usidhani nimelia.

Huo ukoo wako umenichekesha. Wengi hawana madhara, mmoja ana sumu. Si ndio ukoo wetu huo? Mwenye macho makubwa ni mjomba wako, yule aliyekuja msibani akaondoka na redio.

Umeniuliza nyoka. Nyoka ni mwembamba. Hana harufu. Kuku hawamwogopi sana, wanalalamika tu kama wanawake kwenye foleni ya maji. Anakuja jua likiwa limeshuka, kiota cha mwisho, kile cha pakacha. Akisugua anasugua kwa kupokezana, kushoto kulia, kushoto kulia, halafu anapumua. Nimekaa naye kwenye kigoda karibu kila jioni wiki hii. Nilimwambia habari za mume wetu na hakunikatiza.

Rangi ni rangi ya nyoka. Usinisumbue na rangi. Umewahi kumwona nyoka wa maua?

Najua kwa nini umesema niuache mchi. Unamfikiria yule wa mkebe. Ulikuwa na miaka tisa, na mimi nilikuwa na mtoto wa watu wa kumlinda. Yameisha hayo.

Hukusema utakuja lini. Kuzika hukuja, ulikuwa na mkutano wa wakuu. Sawa. Mikutano haiishi?

Bibi yako, ambaye hana mikutano.


11 Aprili

Bibi, shikamoo.

Huku mvua imetushika. Nimepata blanketi jipya.

Hayajaisha, bibi. Kwa kuwa umeyataja nitayasema, kisha tuendelee. Alikuwa mdogo wa kahawia, urefu wa kamba ya kiatu. Nilimweka kwenye mkebe wa maziwa ya unga na nikautoboa matundu kwa msumari ili apumue. Nilikwambia haumi. Ulimmwaga sakafuni ukampiga kwa mchi, ukafagia, ukaniita nile. Sikusema neno mwezi mzima, ndipo babu akaniita Kimya. Jina hilo watu wanalipenda. Mimi nakumbuka lilikotoka.

Sasa. Umeniambia sauti, umeniambia tabia za kuku, lakini nilichouliza hukunijibu. Nimekuchorea. Karatasi iliyomo humu ina picha nne, nimezipaka rangi. Ya kwanza ni ukukwi. Ya pili ni wa kahawia wa majumbani. Ya tatu ni mla mayai. Ya nne ni kifutu mdogo. Ya tatu na ya nne zinafanana, ndiyo sababu nimezichora kubwa. Mtazame nyoka wako, kisha weka alama kwenye picha inayomfaa. Mistari miwili iliyokatana inatosha.

Nikishajua ndipo nitalala.

Kimya.


6 Mei

Kimya,

Salamu. Nilichelewa kwa sababu zangu.

Karatasi yako hii hapa. Nimeweka alama mwenyewe. Mama Vifungo sikumruhusu hata kuitazama, nilimwambia ageukie ukutani, na bahasha nimeilamba mimi. Sasa umepata ulichotaka, ulale.

Kuku mmoja amekufa, uzee tu.

Bibi yako.


30 Mei

Bibi yangu, shikamoo.

Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana.

Karatasi imefika. Alama yako ni nzuri, mistari imekatana sawasawa, umekandamiza kalamu mpaka karibu itoboe. Ila iko nyuma. Iko upande mtupu ambao sikuchora kitu.

Nilikaa nayo kitandani. Nikakumbuka balbu zilizobadilishwa mara mbili. Nikakumbuka kiti unachokigonga katika nyumba uliyoishi miaka arobaini.

Sikuulizi. Nitakwambia langu kwanza, wewe utaamua.

Mimi si mkuu wa kitengo. Sijawahi kuwa. Nafagia mabanda ya nyoka, nabadilisha maji, naosha vioo ambavyo wageni wanaviwekea vidole. Wenzangu wa utani hawapo. Yupo msimamizi anayeniita "wewe", na mlinzi anayelala. Jumapili naweza kuimaliza nzima bila sauti yangu kutoka. Nazungumza na mla mayai wetu, ndiyo maana namjua vizuri. Nikikaribia kioo ananisugulia magamba, nami namwambia, najua, najua, na mimi vilevile.

Alipofariki babu hapakuwa na mkutano. Niliogopa kuomba ruhusa. Kibarua akiondoka siku tatu anakuta fagio lina mwenyewe. Nilifagia siku ile anazikwa, na hapa hakuna aliyejua kwamba nimefiwa.

Hilo ndilo langu, bibi. Sasa niambie lako. Na kama Mama Vifungo anasoma hili kwa sauti, namwomba asome mpaka mwisho, asiruke.

Kimya.


18 Juni

Mtoto usiye na haya,

Hakuruka. Alisoma yote, akanisomea tena, mpaka pasi aliyoisahau ikaunguza kola ya mteja.

Unadhani umeniambia jipya? Mkuu wa kitengo, barua zake zinanuka dawa ya kuoshea choo. Kila nikifungua bahasha naipeleka puani kwanza. Tangu ya kwanza nilijua umeshika fagio, nikasema, ana sababu zake, mwache anidanganye, anajipa heshima. Ningejua kwamba huna hata wa kukuita jina, ningekwambia rudi siku hiyohiyo. Hilo la kumzika mume wetu limeniuma. Liliniuma kabla, sasa linauma kwa namna nyingine, na hii ya sasa naiweza.

Haya. Sioni.

Mama Vifungo amesimamisha kalamu hapa. Andika, mama, nimesema andika.

Naona mwanga na naona mtu akipita kama moshi. Ni miaka miwili. Babu yako peke yake ndiye aliyejua. Tukitoka alinishika kiwiko, watu wakadhani uzee umetuletea mapenzi, kumbe ananiambia chinichini, ngazi, ngazi, dimbwi, huyu anayekuja ni mwalimu, tabasamu. Alikuwa anageuza kikombe mpini uje mkononi mwangu. Alipokufa sikupoteza mume tu. Nilizimiwa taa. Na wewe hukuwepo, na nani ningemwambia? Mjomba wako? Angebeba na kabati.

Nilifikiri nimewaficha wote. Mama Vifungo anacheka sasa hivi, anasema alijua tangu siku niliyosimama mlangoni kwake nikaliamkia gauni lililoning'inia, nikaliuliza hali ya watoto. Amenyamaza mwaka mzima, shenzi huyu. Anasema alingoja niseme mwenyewe.

Kuhusu nyoka. Karatasi yako niliipapasa pande zote mbili, nikasikia ni karatasi. Nikakisia. Lakini wiki iliyopita nimekanyaga kitu bandani. Nikakiokota. Kilikuwa ganda la yai, zima lakini limekunjika, limeshikana kwa ngozi yake ya ndani kama karatasi iliyofinyangwa, halina hata tone. Nikakumbuka maneno yako, anakunywa kilichomo na kutema ganda. Nikapapasa chini ya pakacha, nikapata mengine mengi. Basi ni yule asiye na meno. Miezi yote hii nimetishwa na kibogoyo mwenzangu.

Mchi nimeurudisha jikoni.

Na yule wa mkebe. Ulisema haumi, na ulikuwa unajua. Mimi nilimuua bila kumtazama, na wakati ule macho nilikuwa nayo. Hilo nimelifikiri kwenye kigoda jioni nyingi. Nisamehe, mke mwenzangu. Sijui kulisema vizuri zaidi ya hapo.

Mama Vifungo anasema ni mtoto wa jicho, wanamkwangua hospitalini na mtu anarudi kuona. Sitaki. Siendi kulazwa kwa watu nisiowaona wanashika kisu. Usinishawishi.

Bibi yako.


4 Julai

Bibi,

Nimemwendea msimamizi. Amesema niende, ila hanihakikishii kitu. Nimemwambia sikuja kuomba hakikisho, nimekuja kuaga.

Nafika tarehe kumi na tisa mchana. Nitakushika kiwiko, nitakwambia ngazi, nitakwambia dimbwi, na daktari akiinua mkono nitakwambia ameshika nini. Ukikataa nitakaa bandani na yule mwingine.

Mama Vifungo, asante. Tafadhali mwambie tu kwamba nakuja, usimsomee hapo pa daktari na pa banda.

Kimya.


28 Agosti

Bibi yangu, shikamoo.

Nimefika salama. Basi liliharibika njiani mara moja, tulikaa kwenye nyasi kwa muda wa saa tano.

Chumba nimekikuta na vumbi. Dirisha nililokusifia linatazama ukuta wa jirani, nadhani nikuambie na hilo, tumalize yote. Siku ya kwanza niliamka nikasubiri unigombeze.

Kazi ipo, ila fagio wamempa mwingine. Mimi wamenihamishia getini, nakata tiketi. Mla mayai namwona jioni nikitoka, dakika mbili tatu kabla hawajafunga. Hanisugulii tena. Sijui amenizoea au amenisahau.

Najua hukulala usiku ule kabla ya hospitali, maana na mimi sikulala, nilikuwa nasikia unavyohema. Uliponikamata kidole pale mlangoni pa chumba cha upasuaji uliniumiza na nilifurahi. Sasa niambie jicho linaendeleaje. Je, umeacha kulifikicha? Unatia dawa kama tulivyoonyeshwa? Karatasi yangu ya picha nimekuachia mezani, chini ya bakuli. Usiitumie kuwashia moto.

Kimya.


16 Septemba

Mke mwenzangu Kimya,

Bado anaandika Mama Vifungo, maana jicho limefunguka lakini shule haijaniingia. Goti halijambo, siku hizi kiti nakizunguka.

Dawa natia. Sifikichi. Ukiniuliza tena nitafikicha kwa makusudi.

Nikwambie nilichokiona. Siku walipofungua kitambaa nilikuona wewe kwanza, hilo unalijua, nikasema umekonda, ukaanza kulia kama mjinga. Lakini ulipoondoka ndipo nilipoiona nyumba. Nilikuwa nimeibeba kichwani imejaa. Ni viti viwili na kitanda, Kimya. Ukutani pana doa pale kichwa cha babu yako kilipokuwa kinaegemea. Mama Vifungo alitaka kulipaka chokaa, nikamfukuza. Nilikaa mbele ya hilo doa asubuhi nzima. Kuona nako kuna adhabu yake.

Nilikwenda kumwomba radhi muuza mkaa. Alinisikiliza, akasema amenisamehe zamani, maana siku ile ninamgombeza nilikuwa nimeligeukia gunia, yeye amesimama pembeni ananitazama. Alisema lile gunia halijawahi kutukanwa vile. Tunasalimiana. Ameniletea mfuko wa vumbi la mkaa nimwage kwenye bustani.

Kisha nikaenda bandani na karatasi yako, jua bado lipo. Nilikaa kwenye kigoda. Alitoka akaniona, akajikunja, akaanza kelele zake. Nikamwambia, kelele utampigia nani? Nikamtazama mpaka akachoka. Rangi ni ya majani makavu, mgongoni madoa meusi yamepangwa kama vifungo. Kichwa chembamba, hakina hata shingo. Yai alilimeza mbele yangu na ngozi ya koo ikatanuka mpaka nikaona rangi ya yai kwa ndani. Miaka yote nimeishi na viumbe hawa sijawahi kumtazama mmoja akila.

Alikwenda zake upepo ulipoanza, siku nne sasa sijamwona. Yai moja bado namwachia kwenye pakacha. Kuku wananishangaa.

Karatasi yako ninairudisha. Ni namba tatu. Alama nimeiweka upande wenye picha, nikaikagua mara mbili, na safari hii nimemwita Mama Vifungo atazame.

Barua yako ya mwisho niliitazama kabla hajanisomea. Sijui neno lipi ni lipi, lakini nimeuona mwandiko wako kwa mara ya kwanza. Umelala upande, kama mtu aliyesimama muda mrefu.

Hilo la dirisha nililijua. Mtu mwenye dirisha zuri angesema linaonyesha nini.

Sikuulizi tena utakuja lini. Kiti cha babu yako nimekigeuza kidogo, kinatazama barabara mpaka kona ya bomba. Huwa nakaa hapo mchana. Siku utakayotokea, usipige hodi. Nitakuwa nimeshakuona.

Bibi yako.